Nahodha wa Ibra

Kwanza kabisa, alikuwa hali samaki. Mtu wa Sur, mji wa mabaharia wa Oman, aliyekulia Aija, ng'ambo ya hori, kwenye nyumba ambayo maji yakijaa yanafika ngazini, lakini ukimwekea sinia la wali na nguru atachambua wali pembeni pembeni mpaka mwenye nyumba aone haya na kumkaangia yai. Ukimuuliza, atakwambia kwamba samaki anayefika Ibra amekaa barabarani siku nyingi kuliko alizoishi baharini, na yeye, kwa huko alikotoka, hawezi kutia kinywani kitu kama hicho. Sisi tuliamini. Tulikuwa watu wa Tabora, tungejua nini?

Baba na Mama walirudi Oman wakiwa watu wazima, mimi nikiwa mdogo, wakafungua duka la spea za magari Ibra, mji wa mitende na vumbi, bahari iko mbali huko. Yeye alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe wanafanya kazi Maskati, na kila Ijumaa alikula kwetu. Mtaa mzima ulimwita Nahodha. Mimi nilimwita Ami Nahodha. Jina lake la kwenye pasipoti nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na saba, uwanja wa ndege, na niligeuka kumtafuta huyo anayeitwa ni nani.

Sasa niseme mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji: mtu huyu hakuwahi kuendesha chombo chochote cha baharini. Alikuwa karani wa manispaa, na kazi yake ilikuwa vibao vya maduka. Kinyozi akitaka kutundika kibao, muuza halwa, fundi cherehani, lazima apite kwake. Alikuwa na jicho la ajabu la kuona kitu kilichopinda. Ukipanda gari lake kwenda sokoni, hesabu kwamba atasimama mara tatu njiani kumwambia mtu kwamba kibao chake kimeinama upande wa kulia. Hampigi mtu faini. Anateremka, anatazama, anasema "Natutizame," kisha anapanda ngazi mwenyewe na bisbisi aliyoitoa mfukoni mwa kanzu.

Jina alilipata siku ya kwanza kazini. Mkubwa wake alimuuliza katokea wapi, naye akajibu Sur. "Ahlan ya nakhudha!" mkubwa akasema, yaani karibu ewe nahodha, ofisi nzima ikacheka, kahawa ikaletwa. Miaka mingi baadaye alinieleza mwenyewe: "Siku ile nilinyamaza kwa adabu tu, mwanangu. Mtu mkubwa kakutania, utamkatalia? Nikasema kesho n'tawaeleza. Kufika kesho, mlinzi getini kanambia, sabah al-kheir, Nahodha. Basi."

Na kwa nini walimwamini? Kwa sababu Ibra ndivyo tulivyokuwa. Mtu wa Nizwa lazima ajue kupika halwa, mtu wa Samad lazima ajue mitende, mtu wa Sur lazima ajue bahari, na mtu aliyetoka Tabora, kama Baba, lazima ajue simba. Baba alikulia nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa na simba amemwona kwenye televisheni tu, lakini wazee wa msikitini wakimuuliza juu ya simba anajibu kwa makini kabisa, na huongeza chumvi.

Ami Nahodha hakuwa mwongo wa namna hiyo, na hili nilichelewa kuligundua. Hakusema hata mara moja "nilisafiri" au "niliendesha". Alisema "sisi". Sisi watu wa Sur, upepo ukigeuka tunapunguza tanga. Sisi nyota tunaitafuta hivi. Ndani ya hiyo "sisi" alikaa raha mustarehe miaka ishirini, na hakuna aliyemwuliza yeye mwenyewe alikuwa upande gani wa chombo.

Tulimtumia vibaya pia, lazima nikiri. Watu walimuuliza hali ya hewa. Siku moja Baba alitaka kupeleka injini Samad Ash Shan, wingu limekaa juu ya milima, akamwita Nahodha atoke nje atazame. Alitazama sana. Akasema mvua haiji. Saa mbili baadaye wadi, mto wa mvua, lilishuka, pikapu ya Baba ikakwama katikati ya maji na Baba amekaa juu ya injini ameshika kilemba chake. Aliporudi, Nahodha alimpokea mlangoni na taulo. "Bahari ina wenyewe, na mabonde yana wenyewe," alisema, na Baba, badala ya kukasirika, aliona hilo ni jibu la mtaalamu.

Basi mambo yangekwenda hivyo hivyo mpaka mwisho, lau si Mama kutaka likizo.

Sisi tulikuwa hatujui likizo. Tulijua kwenda kuona jamaa. Kila mwaka tunapanda ndege kwenda Dar, au Tabora, au Unguja, tunakaa mwezi mzima kwenye viti vya watu, tukitoka msiba huu tunaingia harusi ile, na Mama anarudi Ibra amechoka kuliko alivyoondoka. Mwishoni mwa miaka ya tisini akasema imetosha. Alitaka kwenda mahali ambapo hatuna ndugu hata mmoja. Baba akakaa chini kutafuta. London ina binamu zake, Dubai ina dada zake Mama, Toronto, Mama akasema usinitajie. Walizunguka dunia nzima wamekaa kwenye mkeka na ikabaki Ugiriki. Halafu Baba akapata wazo analojivunia mpaka leo, kwamba tukikodi boti ya tanga tukazunguka visiwani, hata kama ndugu atazuka, hatakuwa na pa kugonga hodi.

Wakala wa safari Maskati alimuuliza kwenye simu: "Boti mnataka na nahodha, au mnaye wenu?"

"Tunaye," Baba akasema. "Anatoka Sur."

Wakala alikuwa Mwomani. Akaona jibu limetosha, akaandika.

Ami Nahodha alipoambiwa, alikuwa anakunywa chai barazani kwetu. Aliweka kikombe chini. Nilikuwapo, nikaona ameangalia miguu yake. "Natutizame," alisema. Baba akampiga bega kwa furaha, na Mama akaenda kutafuta begi.

Wiki sita alizokuwa nazo za kusema ukweli alizipoteza zote. Siwezi kumlaumu sana. Kila mtu mtaani alikuwa na lake la kumpa. Muuza halwa alimletea bakuli la bure, mkubwa wake wa manispaa alikuja mwenyewe na kumwambia awaonyeshe Wazungu. Siku ya safari begi lake lilikuwa na kanzu tatu, birika la kahawa, vikombe kumi na viwili vilivyofungwa kwenye gazeti, iliki, na mkebe wa tende wa kulisha kijiji.

Bandarini, karibu na Athens, mwanamke wa ofisi ya boti alitaka kuona cheti cha nahodha wetu. Nilitafsiri, maana Kiingereza kilikuwa changu. Ami Nahodha akatoa pasipoti, akaifungua, akaweka kidole mahali palipoandikwa Sur.

"Hii ni nini?" mwanamke akaniuliza.

"Mwambie ni Sur," Baba akasema. "Mwambie Sur, Oman. Atakuwa anaijua."

Hakuijua. Alisema bila cheti boti haitoki, ila anaweza kutupa mtu wake. Baba alighadhibika kwa niaba ya rafiki yake, akasema kwa Kiswahili cha kelele kwamba huu ni udhalilishaji. Ami Nahodha alimtuliza. "Yakhe, wache, nchi ya watu ina kanuni zake," alisema, na uso wake ulikuwa umejaa nuru. Hakujua kwamba alikuwa ameruka shimo moja tu.

Mtu wa ofisi alikuja. Alikuwa binti wa Kigiriki wa miaka thelathini hivi, peku, mikono imeungua jua, sigara sikioni. Mama alimpenda pale pale. Baba akamtambulisha rafiki yake kwa heshima zote: huyu ni nahodha, kutoka mji wa manahodha. Binti alimpa mkono, akasema vizuri sana, basi siku ya tatu, tukitoka kisiwa cha Hydra, atamwachia yeye usukani. Nilitafsiri. Ami Nahodha akatabasamu. Kisha, boti ikiwa bado imefungwa kwa kamba pande mbili, maji yametulia, alikwenda nyuma akatapika.

Siku mbili zilizofuata alisema amefunga.

"Jumatano?" Mama akauliza.

"Nadhiri," alisema, macho amefumba, mgongo ameuegemeza kwenye mlingoti.

Lakini tukishafika bandarini, sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama yeye. Visiwa vile vina gati dogo na boti nyingi, kwa hiyo zinafungwa ubavu kwa ubavu, na aliye nje kabisa akitaka kushuka nchi kavu hukatiza juu ya boti za wenzake. Ndiyo desturi yao. Wanapita kimya, wanainamisha kichwa, wanakwenda zao. Ami Nahodha alipomwona wa kwanza anakatiza mbele yetu, alisimama kama aliyechomwa sindano.

"Huyu anapita sebuleni," alisema.

"Anapita tu, Ami," nikasema. "Ndivyo wanavyofanya."

"Mtu apite sebuleni kwangu, nimtizame tu? Nimekuwa mnyama?"

Birika likatoka. Vikombe vikatolewa kwenye gazeti. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyevuka boti yetu bila tende mdomoni. Wafaransa, Waholanzi, mzee wa Kigiriki na mbwa wake, wote walikalishwa. Kulikuwa na Mjerumani mmoja, bwana mrefu mwenye kofia ya majani, aliyekaa kwa adabu kubwa. Ami Nahodha alimmiminia, akanywa. Akammiminia tena, akanywa. Kwetu ukitosheka unatikisa kikombe kidogo mkononi, mtoto wa miaka minne anajua, lakini Mjerumani angeyajulia wapi? Alipofika kikombe cha tisa, macho yamemtoka, nikamwambia Ami amweleze. "Hasha. Mgeni hafundishwi kushiba," akanijibu, akaendelea kumimina. Ilibidi Mama atikise kikombe chake mwenyewe mbele ya pua ya yule bwana, kwa ishara kubwa, mpaka akaelewa na karibu alie kwa shukrani.

"Nimekimbia wageni nchi tatu," Mama alimwambia Ami Nahodha jioni ile, "wewe unaniokotea wengine." Lakini alikuwa anacheka, na kesho yake ndiye aliyeosha vikombe mapema.

Hiyo kesho ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Tulikuwa Hydra. Asubuhi, Baba alipokwenda kununua mkate, Ami Nahodha aliniita mbele ya boti. Alikuwa amevaa kanzu safi, na kofia yake ya kushona ameinyoosha sawasawa.

"N'tafsirie kwa yule binti," alisema. "Mwambie miye sijapata kushika usukani. Sijapata hata kukaa karibu yake. Mwambie bahari hainipendi, tangu utotoni, hata kivuko cha kwetu cha dakika tano kinanishinda. Mwambie polepole, baba yako asije akasikia."

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka kucheka. Nikamtazama, nikaacha.

"Kwa nini usimwambie Baba mwenyewe?" nikauliza. "Hatajali."

"Weye mdogo. Baba yako kanisimamia kila pahala kwa jina hili. Kanikalisha kwenye meza yake kila Ijumaa kwa jina hili. Akijua, ataniona vipi? Mtu aliyekaa kwake miaka yote hiyo akimdanganya usoni?" Akanishika mkono. "Niapie hutomwambia."

Niliapa. Kisha nikamtafsiria binti. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa sigara mdomoni, akasema babu yake mwenyewe, aliyezaliwa pale pale kisiwani, alikuwa mfuga mbuzi. Halafu akapanga mambo kwa dakika mbili.

Baba aliporudi na mikate, Ami Nahodha alikuwa amesimama nyuma ya usukani. Binti alikaa chini kando yake, kama anayejipumzisha, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshika usukani kwa chini, mahali asipoona mtu. Akawa anasema kwa Kiingereza, kidogo kulia, kidogo kushoto, nami nikawa naimba yale yale kwa Kiswahili nikijifanya nazungumza habari za hewa. Boti ikatoka polepole kati ya boti nyingine. Mjerumani alitupungia kofia. Tulipofika nje, tanga likapandishwa, likajaa, boti ikainama, na Ami Nahodha akapiga ukelele ambao sikuutegemea kwa mtu wa umri wake. Binti akatoa mguu. Niliona. Yeye hakuona, au aliona. Aliendesha karibu saa nzima peke yake, hajatapika, hajafunga nadhiri, kanzu inapepea, na jicho lake lile la vibao likishika mstari ulionyooka kuliko binti mwenyewe alivyotarajia. Baba alipiga picha filamu ikaisha.

Picha moja ilikuzwa, ikatundikwa manispaa ya Ibra, juu ya meza yake. Jina likawa na ushahidi. Ungedhani angetulia, lakini nadhani kuanzia hapo lilimchoma zaidi. Mwaka uliofuata alinifundisha kuendesha gari, maana Baba alikuwa anapiga kelele kabla sijawasha injini. Alikaa kando yangu ametulia tuli, nikipanda ukingo wa njia anasema "Natutizame," na siku moja, bila mimi kuuliza, akasema: "Bado hujamwambia?" Nikasema bado. Akasema vyema, na akageuka kutazama dirishani.

Alipostaafu alirudi Aija kwa dada yake. Sukari ilikuwa imempata mguuni. Mimi nilikuwa nafundisha Nizwa, nimeshaolewa, na miaka kumi ilikuwa imepita tangu Hydra. Likizo moja nikamchukua Baba tukaenda kumtazama. Daraja la Aija lilikuwa bado linajengwa, tukazunguka kwa gari. Tulimkuta sebuleni, amekonda, kalazwa kwenye godoro la chini na mito mgongoni, na wazee wawili wa mtaani wamekaa naye, wamevaa shuka na fulana, ngozi zimekauka.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni."

"Nahodha!" Baba alipaza sauti tangu mlangoni, mikono ameitandaza.

Wale wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kwa Kiarabu, nahodha nani? Baba akafurahi kuulizwa. Akakaa, akaanza. Aliwaeleza Ugiriki yote, upepo, tanga, jinsi rafiki yake alivyoitoa boti kwenye bandari ambayo paka asingepita. Wazee walisikiliza. Nilijua baadaye kwamba wote wawili walikuwa wamefika Basra, Bombay na Lamu, na kwamba huko Aija jina hilo halitolewi hivi hivi.

"Huyu?" akasema mkubwa wao, si kwa ubaya. "Huyu alikuwa akitapika kwenye kivuko."

Baba akawa mwekundu. Akasema yeye ana picha. Akasema haiwezekani mgonjwa kutukanwa nyumbani kwake. Akanigeukia: "Waambie. Wewe ulikuwapo."

Nilimgeukia Ami Nahodha. Alikuwa ananitazama.

"Sema, mwanangu," akasema. "N'nakufungulia. Nimechoka nayo."

Nikasema. Nilisema yote, mguu wa binti, tafsiri zangu, kiapo. Baba alisikiliza huku akitazama zulia. Wazee wakaaga, kwa adabu, na hakuna aliyewazuia. Dada yake Ami akaleta kahawa, akaona nyuso zetu, akaiweka chini, akaondoka.

"Umeghadhibika," Ami Nahodha akasema.

"Nimeghadhibika, ndiyo." Sauti ya Baba ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia hivyo. "Hujawa nahodha, sawa, hakuna shida. Nani anajali? Lakini miaka kumi hii mtoto wangu anajua na mimi sijui. Ulimwambia mtoto. Hukuniambia mimi."

"Nilikhofu n'takukosa."

Nilidhani Baba atasimama tuondoke, na nilikuwa nimeshashika funguo, nikihisi aibu yangu na ya wote wawili. Tulikuwa tumepanga kurudi Ibra kabla ya magharibi. Badala yake Baba, mtu ambaye hajapata kuvua kilemba mbele ya mtu nje ya nyumba yake, alikivua, akakikunja, akakiweka juu ya mto kando ya mguu mgonjwa wa rafiki yake.

"Mpigie mama yako," akaniambia. "Mwambie leo tunalala hapa."

Halafu akamgeukia mwenzake, akamwita kwa lile jina la kwenye pasipoti, na kumuuliza kama anataka kumiminiwa kahawa.